Tuanzie Wapi Kanisa Letu? Maswali ya Wasomaji

*Anayejibu ni kasisi mstaafu wa Kanisa la Kianglikana (ACK), mkazi wa Malindi.*

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni msomaji wa kanisa, kibarua katika kampuni ya chumvi huku Gongoni. Familia kadhaa tunakutana kila Jumapili jioni uani kwa mama mmoja mjane, chini ya mwembe, maana kanisa letu liko mbali na nauli ya bodaboda imetushinda. Sasa tunataka liwe kanisa kamili. Mama amejitolea kutupa kiwanja, na marafiki kutoka Uingereza tuliojuana nao Watamu wameahidi kutujengea. Lakini majirani wanatutazama kwa jicho la wasiwasi, tena mchungaji wa kanisa jirani anasema tunamwibia waumini. Tuanzie wapi? – *Msomaji, Gongoni*

JIBU: Bwana asifiwe sana, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha. Watu wanaokusanyika chini ya mwembe bila kuitwa na mtu, hao tayari ni mwanzo wa kanisa.

Nenda kwanza kwa kasisi wa parokia yenu, kabla ya kugusa kiwanja na kabla ya kuwaandikia Waingereza. Kwetu Waanglikana usharika haujisimamii wenyewe. Unazaliwa ndani ya parokia, na parokia iko chini ya askofu wa Dayosisi ya Malindi. Wewe kwa leseni yako ya usomaji utaongoza sala na kuhubiri, lakini Meza ya Bwana itamsubiri kasisi. Najua vijana wenu watalalamika kwamba huu ni mlolongo. Mimi nasema ni kinga yenu, hasa katika kaunti hii ya Kilifi, baada ya yale ya mwaka 2023.

Msitu wa Shakahola hauko mbali nasi. Ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kule, watu waliofuata mahubiri ya kufunga hadi kufa, ya mtu mmoja asiyekuwa na wa kumuuliza. Nimekaa na wazee waliopoteza binti na wajukuu. Tangu hapo mzazi wa Magarini akisikia nyimbo kwenye ua wa mtu, mwili wamsisimka. Kwa hiyo usimkasirikie jirani anayekutazama vibaya. Anawahofia watoto wake.

Mwombe kasisi wako mfuatane kwa chifu na kwa mzee wa Nyumba Kumi, mkiwa na barua ya parokia inayosema ninyi ni kina nani, mnakutana siku gani na nani anaongoza. Halafu yaseme waziwazi pale uani, mlango ukiwa wazi na wapita njia wakisikia: watoto wa usharika huu wanakwenda shule, wagonjwa wetu wanakwenda hospitali, na hakuna anayelazimishwa kufunga wala kuuza mali yake. Siku mwenzenu akishikwa na homa usiku, ninyi mtafute pikipiki na mmpeleke zahanati kabla ya kuanza kukesha kwa maombi. Jirani ataona.

Nenda pia kwa imamu wa msikiti wa jirani. Nenda alasiri ya siku ya kawaida, wewe na mzee mmoja, mkae barazani, mnywe kahawa. Mwambie mnasali wapi, umuulize ni saa ngapi sauti zenu zinawakera. Jumapili jioni yenu hiyo, ikichelewa kidogo tu, inagongana na sala yao ya magharibi. Kwa nini msisogeze ibada hadi saa tisa? Spika msiifikirie kabisa. Hata kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za 2009 kuhusu kelele zinagusa nyumba za ibada, na watu wanaoimba chini ya mwembe hawahitaji kipaza sauti. Ramadhani ikifika, hakikisheni mmekwisha kutawanyika kabla ya watu kufuturu.

Huyo mchungaji jirani asikusumbue moyo, ila usimpuuze. Mfuate nyumbani kwake. Mwahidi kwamba muumini wake akija kwenu, utamuuliza kwanza kama ameagana na mchungaji wake, na uishike ahadi hiyo hata mkiwa wachache. Kisha mfanye kazi pamoja mahali ambapo kazi iko kweli, yaani kwenye mahanga, matanga ya msiba. Kwetu Giriama hanga ni la siku kadhaa, na mwenye msiba huishiwa na maji, kuni, viti, hata sauti ya kuimba. Yeye alete turubai lake, ninyi mlete viti na waimbaji, mpokezane usiku. Sijaona mkutano wa viongozi wa dini hotelini uliowapatanisha watu kama hanga moja lililoshughulikiwa vizuri.

Sasa kiwanja, na hapa nakusihi unisikilize. Mama huyo ni mjane. Shamba liko kwa jina la nani? Kama ni la marehemu mumewe na mirathi haijafunguliwa, mama hana cha kuwapa, hata moyo wake uwe mkubwa namna gani. Tena mume akifa bila wosia akaacha watoto, sheria ya urithi humpa mjane haki ya kuitumia ardhi hiyo maishani mwake. Haimruhusu kuigawa peke yake. Leo labda wanawe wako Mombasa, wamenyamaza. Kesho mama akifariki watarudi, na kanisa litageuka kesi. Waiteni wana hao na shemeji zake, mkae kikao, kila mmoja aseme kwa kinywa chake. Mirathi ikishamalizika, mfanye sachi, yaani mhakiki mwenye shamba, kwenye ofisi ya ardhi, mpate kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi kama ni shamba, na hati itoke kwa jina la wadhamini wa Kanisa. Isiandikwe jina lako wala la kasisi. Hayo yote yatachukua muda. Kaeni chini ya mwembe, au msimamishe banda la makuti linaloweza kung'olewa bila ugomvi.

Na hao marafiki wa Uingereza? Washukuruni kwa dhati, muwaombe wangoje, na mawasiliano yote ya fedha yapitie dayosisi. Kama wana hamu ya kusaidia sasa, wasomeshe mwinjilisti mmoja wa kwenu, kijana anayehubiri kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, maana kwenye chumvi kuna watu wa kila kabila. Msingi chimbeni wenyewe. Fuladoyo, katika nchi hii ya Wagiriama, palikuwa na usharika wa wenyeji na watumwa waliotoroka, na kiongozi wao David Koi aliuawa mwaka 1883 kwa ajili yao. Hawakuwa wakisubiri mzungu awajengee.

SWALI: Nimehamishiwa kisiwani Lamu kufundisha. Waanglikana tuko wachache sana. Tuanzishe kanisa letu? – *Mwalimu, Lamu*

JIBU: Kwa sasa, hapana. Salini na Wakristo wenzenu waliopo, mjulishe kasisi wa ACK aliye karibu ili awafikie na Meza ya Bwana. Mkutane nyumbani katikati ya wiki, mkitumia Kitabu cha Sala kwa Watu Wote. Mji Mkongwe wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, na ujenzi wowote humo una masharti yake. Tena wewe ni mwalimu: huduma yako kubwa ni kumfundisha vizuri mtoto wa Kiislamu aliye mbele yako.

SWALI: Je, Umoja wa Akina Mama unaweza kuanza kabla hatujawa na jengo? – *Mama Kadzo, Kakuyuni*

JIBU: Unaweza, na ningependa uanze hata kesho. Mary Sumner aliuanza Uingereza mwaka 1876 na akina mama wa parokia moja tu. Mwone mwenyekiti wa Umoja katika parokia yenu awaelekeze kuhusu mafunzo na kuapishwa. Wakati mnasubiri, chagueni nyumba mbili zenye mama aliyejifungua karibuni, awe Mkristo au Mwislamu, mumpelekee maji na uji.