Haki ya kukaa kimya siyo ile uliyoiona kwenye muvi

Jamani leo naongelea kosa langu mwenyewe, maana naona watu wanalirudia kila siku na wanashauriana kwa kujiamini kabisa kama nilivyokuwa mimi.

Miaka kadhaa nyuma jamaa yangu alikuwa anasoma Uingereza, usiku mmoja ukatokea ugomvi nje ya hosteli, yeye alikuwa anaamulia tu lakini polisi walivyofika wakazoa wote. Akaruhusiwa kupiga simu akanipigia mimi, kwenye kundi letu mimi ndo "wakili", ingawa ukweli sheria yangu yote ilikuwa ya muvi za Marekani. Nikamwambia funga mdomo, usiseme hata neno, ni haki yako na hawawezi kuitumia dhidi yako. Akanisikiliza vizuri mno, hadi akamkataa wakili wa zamu, na pale kituoni wakili huyo ni bure!

Kumbe England na Wales toka sheria ya 1994 mambo ni tofauti. Polisi wakikuonya wanakwambia huna lazima ya kusema chochote, ila kama kuna kitu unaacha kukitaja saivi halafu mahakamani ukaja kukitegemea, inaweza kukuumiza. Yaani hakimu anaruhusiwa kujiuliza, kama kweli ulikuwa unaamulia ugomvi mbona hukusema usiku uleule? Na ndo swali alilopigwa jamaa yangu. Kimya peke yake hakitoshi kukufunga, lazima kuwe na ushahidi mwingine, lakini kinatia doa. Alipona kwa sababu alijitokeza shahidi. Kinachochekesha, angekamatwa Scotland, ufalme huohuo mmoja, ushauri wangu usingemletea shida ile, kule kimya chako mbele ya polisi hakigeuzwi kuwa dalili ya kosa.

Baada ya ile aibu nikaanza kusoma kwa hasira. Nikakuta hata Marekani kwenyewe nilikuwa naijua nusunusu. Kesi ya Miranda ya 1966 ndo ilileta yale maneno ya "una haki ya kukaa kimya", sawa, lakini mwaka 2010 kwenye kesi ya Berghuis dhidi ya Thompkins, mtuhumiwa alikaa karibu masaa matatu bila kusema la maana, mwishoni akajibu swali moja, na Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikasema jibu lile linatumika dhidi yake sababu hakuwahi kutamka kwamba anaitumia haki yake. Umeona hapo? Ili ukae kimya inabidi kwanza useme. Mimi naona ni kichekesho cha kisheria lakini ndo sheria yenyewe, kwa hiyo ukiwa kule sema wazi kabisa: naitumia haki yangu ya kukaa kimya na nataka wakili. Halafu nyamaza kweli, siyo unaanza kupiga stori za mpira na askari.

Japani nayo katiba inakupa haki ya kutolazimishwa kujishuhudia, ukiisoma unafurahi. Lakini unaweza kushikiliwa mpaka siku 23 kabla hujafunguliwa mashtaka, na wakati wa mahojiano wakili wako kwa kawaida hakai nawe chumbani. Sasa kukaa kimya siku 23 peke yako ni kitu kingine kabisa. Ndo maana siku hizi mtu akiniuliza "nchi fulani wana haki hii?" namuuliza kwanza wanakushikilia muda gani, na wakili anaingia saa ngapi.

Kuhusu polisi kutaka kufungua simu yako sitaongea sana, ila jua kwamba Uingereza unaweza kupewa amri rasmi ya kutoa neno la siri, ukigoma hilo ni kosa jipya lenye kifungo chake.

Vitu ambavyo ningemwambia jamaa yangu usiku ule ni viwili tu: kubali wakili wa zamu, na omba ubalozi wako uambiwe. Hili la pili watu hawalijui kabisa. Liko kwenye Mkataba wa Vienna wa 1963, ibara ya 36, ukikamatwa ugenini polisi wanatakiwa wakwambie bila kuchelewa kwamba una haki hiyo. Hawasemi kila mara. Ndugu wawili wa Kijerumani, akina LaGrand, hawakuambiwa Arizona, wakauawa na serikali mwaka 1999, mmoja kwa sindano na mwingine kwa gesi, na mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaja kusema Marekani ilivunja mkataba, wao wameshazikwa. Kwa hiyo usisubiri kuambiwa, omba mwenyewe. Ila kama wewe umekimbia serikali yako na unaomba hifadhi, ongea na wakili kwanza kabla hujaomba, maana ukiuita ubalozi ndo umewaonyesha ulipo.