Mpambe hupamba au hupambwa?

*Shikamoo mwalimu. Kwenye taarifa ya habari namwona afisa wa jeshi anayesimama nyuma ya Rais, na watu wanamwita mpambe. Anampamba nani? (Msomaji, Morogoro)*

Marahaba. Hampambi mtu, yeye ndiye aliyepambwa. Kitenzi kikiwekewa m- mwanzoni na -e mwishoni, mara nyingi jina linalopatikana ni la mtu aliyetendwa. Aliyetumwa ni mtume, aliyeteuliwa ni mteule, aliyeshindwa ni mshinde. Mwenye kazi ya kupamba ni mpambaji.

Zamani katika miji ya pwani, mpambe alikuwa kijakazi, yaani mtumwa wa kike, aliyevishwa nguo nzuri na mapambo ili afuatane na bibi yake akitoka matembezini. Mikufu na vikuku vile havikuwa vyake, vilitangaza utajiri wa nyumba aliyotoka. Huniuma kila ninapolieleza neno hili, maana tunalitamka kwa fahari na binti yule tumemsahau kabisa. Sheria iliacha kuutambua utumwa Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Neno likabaki, likapanda hadi Ikulu. Sasa mtazame tena afisa wako na zile kamba za dhahabu zinazoning'inia begani: ni mtu huru, askari mwenye cheo kikubwa, lakini mapambo yake bado ni heshima ya yule aliye mbele yake.

*Mbona wagombea nao wana wapambe, na hawajavaa chochote cha pekee? (Msomaji, Tabora)*

Hapo maana imesogea. Mfuatanaji wa mkubwa amekuwa yeyote anayemwandama na kumsifu. Mgombea mwenyewe kanyamaza, wao ndio wanaotukanana, na mtaani watu husema "wapambe nuksi".

*Arusini je, tuseme mpambe au msimamizi? (Msomaji, Moshi)*

Yote mawili yanatumika. Mimi napenda msimamizi, kwa kuwa mtu huyo anatakiwa kuisimamia ndoa hata baada ya nguo za sherehe kuvuliwa.

*Yaya ni neno letu la asili? (Msomaji, Mombasa)*

Hapana. Wareno husema aia, yaani mlezi wa watoto. Walilipeleka India, huko likawa aya, ndipo likatufikia.

*Mtume, mtumwa na mtumishi wana undugu? (Msomaji, Tanga)*

Wamezaliwa na kitenzi kimoja, tuma. Mtume na mtumwa wote wawili ni watu wa kutumwa, ila mtume ametumwa na Mungu, na mtumwa hutumwa na bwana aliyemnunua. Neno ni lile lile, mwisho wake tu ndio unaotofautiana, -e huku na -wa kule, na umbali ulioko kati yao hunishangaza hadi leo. Mtumishi amepitia kwa tumika. Mhudumu si wa ukoo huo, huyo ametoka Kiarabu pamoja na huduma na hadimu.