Kucheza na kushabikia, usiache hata kimoja

Ndugu yangu nimekusoma, wewe ni beki wa kulia timu ya mtaa hapo Bweyogerere, Uganda, mazoezi yenu Jumamosi jioni yanagongana na mechi za Arsenal na sasa enka imevimba, unauliza uache kucheza ubaki shabiki tu. Usiache bana.

Mechi nyingi za Uingereza za Jumamosi kwetu zinaanza saa 11 jioni, wakirudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba zinakuwa saa 12. Ongea na kocha msogeze mazoezi asubuhi, kibandani utawahi kiti cha mbele.

Na ukikaa pale usifuate mpira tu, mfuate beki wa kulia dakika 10 nzima, ona anasimama wapi mpira ukiwa upande wa pili, anavyogeuza kichwa kila mara kumcheki winga aliye mgongoni kwake, mimi kukaba nilijifunzia hapo. Timu yetu ya taifa, Cranes, wakicheza uwanja wa Namboole nenda, kwenye TV kamera mara nyingi inaficha hayo.

Ila hiyo enka sio ya kuchezea. Pumzika, weka barafu kwenye kitambaa dakika 15 hivi, funga bandeji, inua mguu. Kama huwezi kupiga hata hatua 4, au ukibonyeza mfupa wa kifundo unauma sana, nenda hospitali wakupige eksirei, wakandaji wasikuguse kwanza. Uwanjani rudi ukiweza kuruka kwa mguu huo mmoja bila maumivu, hata kama kocha anakuharakisha.