Usisubiri mtoto afike miaka sita, shule za Stockholm zina foleni

Mkuu, umeandika kwamba mkeo na mtoto wa miaka minne wameshafika Stockholm, na mambo ya shule mtayaangalia umri ukifika, maana umeambiwa Uswidi shule zote ni sawa. Nani kakuambia hivyo? Nguo za baridi na hayo mengine yatangoja. Hili la foleni halingoji.

Mtoto anaanza darasa la maandalizi Agosti ya mwaka anaotimiza miaka sita, na tangu 2018 darasa hilo ni la lazima. Maombi ya shule za manispaa yanafanyika mwanzoni mwa mwaka huohuo, Januari hadi Februari. Ukichelewa mtoto hakosi shule, ila anapangiwa baada ya wote waliowahi, kwenye nafasi zilizobaki. Kwenye friskola, zile zinazoendeshwa na watu binafsi kwa fedha za umma, ndiyo kabisa. Nyingi zinafuata tarehe mtoto alipoandikishwa foleni, na wenyeji wanaandikisha mtoto akiwa bado ananyonya.

Sisi tulifika binti yangu akiwa mdogo kuliko wako. Muda wote ule angekuwa kwenye foleni. Kuna mzee mmoja, mtu wa nyumbani, amekaa huku tangu miaka ya themanini na kila mgeni anaelekezwa kwake. Barua ya manispaa ya kuchagua shule ilipokuja nikampelekea. Akasema, "Hiyo ya taratibu tu mwanangu, mtoto atawekwa shule ya jirani." Nikaiweka kabatini. Binti akapangiwa shule ya mbali, treni halafu basi. Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri, kwa hiyo tulitoka giza na kurudi giza. Mimi nikaacha zamu ya asubuhi kwenye makao ya wazee, na kipato kikapungua. Baadaye tukamhamisha, akaacha marafiki aliokuwa ndiyo kwanza amewazoea. Alilia wiki nzima, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Mzee yule hakudanganya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa anaieleza Uswidi aliyosomeshea wanawe. Mwaka 1962 waliweka shule moja ya miaka tisa kwa watoto wote, tajiri na maskini, na kwa kawaida mtoto alienda ya mtaani kwake. Kisha 1992 serikali ya Carl Bildt ikabadilisha: fedha za manispaa zinamfuata mtoto hata akienda friskola. Ada hakuna, chakula cha mchana bure, lakini mzazi ndiye anachagua, na anayejua anachagua mapema. Shule zikaanza kutofautiana mtaa kwa mtaa. Mtu anayeshauri wageni alipaswa kulijua hilo, au aseme hajui! Watu wangapi wameingizwa chaka na mazoea yake?

Nchi hii hata duka la dawa unachukua namba. Basi nawe chukua. Mtoto akishapata namba yake ya utambulisho, siku hiyohiyo mama aingie kwenye tovuti za friskola mnazoweza kuzifikia bila kuhangaika, amwandikishe zote. Kuwa kwenye foleni hakukulazimishi kukubali nafasi, na mkihama mtaa mnaongeza nyingine. Tarehe ya kuandikishwa haiwezi kurudishwa nyuma, hata uende kulia ofisini kwao. Nililia, haikusaidia. Halafu Januari ya mwaka wake ikifika, mwombe na shule ya manispaa ndani ya muda hata kama una uhakika na friskola.

Kiswahili pia uombe. Manispaa inatakiwa kutoa masomo ya lugha ya nyumbani wanafunzi wakifika watano na mwalimu akapatikana, lakini hilo ni akishaanza shule. Mpigie mama leo. Mkishaandikisha, niambie mtaa mnaokaa nikutajie za kuongeza.