Mtoto njiti na maziwa yanayotoka matone: usikimbilie kopo

Pole na hongera mdogo wangu. Umesema mtoto kazaliwa wiki ya 30, yuko wadi ya njiti na mpira wa kulishia puani, ukikamua yanatoka matone tu na mama mkwe anasema nunua kopo mtoto asife njaa. Wangu wa pili alikuja na wiki hizohizo, kwa hiyo naongea niliyopitia, ya dokta mwachie dokta.

Hayo matone usiyadharau. Ndo dang'a yenyewe, ile nzito ya njano, na njiti siku za mwanzo anapewa mililita chache mno kwa mlo. Ukikamulia kwenye kikombe yote inaishia kuganda pembeni, mie nesi mmoja mtu mzima (Mungu ambariki) alinionyesha unabonyeza nyuma ya lile duara jeusi, siyo chuchu yenyewe, tone likichungulia unalivuta na sirinji ndogo palepale. Hata kama hajaanza kulishwa waulize kama wanaweza kumpaka kidogo ndani ya mashavu.

Afu maziwa yanakuja kwa kukamuliwa, hayaji kwa kusubiriwa. Mara nane au zaidi kwa masaa 24 na usiku usiruke. Supu ya pweza, uji wa pilipili manga, mtori, kunywa vyote hamna ubaya, ila ukimaliza sufuria ukalala mpaka asubuhi umejishibisha mwenyewe tu. Mie kilichofungulia maziwa ni kangaruu, mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, akirudishwa kitandani nakamua hapohapo. Hii njia ilianzia Bogotá kule Colombia mwaka 1978, na 2022 WHO wakasema ianze mapema kabisa baada ya kuzaliwa, isipokuwa kwa aliye mahututi kama yule anayepumulia mashine, kwa hiyo ukiambiwa subiri kwanza anenepe uliza sababu.

Sasa kopo. Utumbo wa njiti haujakomaa, kuna ugonjwa unauvimbisha mpaka kuoza, unaona tumbo limejaa limekuwa gumu, anatapika kijani, choo kina damu. Maziwa ya mama hayamkingi asilimia mia ila hatari inapungua sana kuliko akipewa ya kopo. Ndo maana utaratibu ni ya mama mwenyewe kwanza, yakikosekana ya mama mwingine yaliyopitishwa kwenye joto kitaalamu, kopo baadaye kwa maelekezo ya dokta. Nairobi, pale Pumwani, wana benki ya maziwa tangu 2019. Kwenye benki hizi mama anayechangia anapimwa HIV, homa ya ini, kaswende, halafu maziwa yanapashwa nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Kwa hiyo jirani anayenyonyesha akukamulie umpelekee mtoto mabichi, hapana, hata kama ni shoga yako wa damu. Na sisi Waislamu kuna undugu wa kunyonya, yaani walionyonya maziwa ya mama mmoja ni ndugu na hawaoani, na ya benki mara nyingi yanachanganywa ya mama zaidi ya mmoja, ongea na sheikh mapema siyo siku unayoyahitaji.

Uzito ukigoma kupanda usidhani maziwa yako mepesi. Uliza kama wanampa yale ya mwisho ya kila ukamuaji, ndo yana mafuta mengi. Kuna na poda ya kuongezea protini na madini, nyingi imetokana na maziwa ya ng'ombe. Marekani kampuni ya Prolacta inatengeneza ya kuongezea kwa maziwa ya binadamu ila bei yake acha tu. Hiyo poda ni dokta aamue, usichanganye mwenyewe.

Na mpira usikutishe, kunyonya kumeza na kupumua kwa mpigo mmoja wengi wanakuja kuweza kwenye wiki ya 34 hivi.

Mama mkwe usigombane naye, mpe kazi. Aoshe na kuchemsha vikombe, abandike plasta yenye jina na saa, na saa nane usiku akuamshe yeye ukamue.