Jibu: CollectiveAccess haifunguki kwenye Mac na Ubuntu

Salama mkuu. Unasema CollectiveAccess, ile programu ya kuorodhesha vitu vya makumbusho, inafunguka vizuri kwenye kompyuta ya Windows mlikoiweka, ila Mac na Ubuntu za wenzako pale makumbusho zinagoma. Usihangaike kuisakinisha upya. Inatumika kupitia kivinjari, kwa hiyo aina ya kompyuta haina neno. Kwanza angalia anwani wanayoandika. Kama ni localhost, kila mashine inajitafuta yenyewe! Kwenye ile Windows fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig, chukua namba ya IPv4, yaani anwani ya mashine hiyo kwenye mtandao wenu, wenzako waiandike badala ya localhost. Ikigoma bado, kwangu mara nyingi imekuwa faiawoli ya Windows, yaani kinga inayozuia mashine nyingine kuingia: ruhusu Apache (programu inayotoa kurasa za CollectiveAccess), poti 80. Na wasiwe kwenye Wi-Fi ya wageni, hiyo kwa kawaida hutengwa na mtandao wa ndani, utazunguka bure. Ikikataa, tuwekee hapa ujumbe unaotokea.