Mnaoanza kazi ya ukoka: piga goti kabla hujashika bomba la dawa

Wadogo zangu mnaoingia kwenye hii kazi ya kutunza ukoka, iwe nyumbani kwa watu Masaki, hotelini Arusha au kwenye uwanja wa mpira, ukiona nyasi zimegeuka kahawia sehemu usikimbilie duka la pembejeo. Piga goti kwanza. Mabaka mengi mtakayoitiwa hayana mdudu wala ugonjwa, na dawa utakayopuliza pale ni hela ya mteja inamwagika chini tu.

Angalia sura ya baka. Likiwa na mistari iliyonyooka au kona kona, huyo ni binadamu kafanya, labda mbolea ilimwagika, mashine ilivuja petroli, au bomba la kumwagilia halifiki pale. Mdudu na fangasi hawajui rula. Kakiwa kaduara kadogo, katikati kamekauka na pembeni nyasi ni kijani kuliko kwingine kote, uliza kama nyumba ina mbwa, maana mkojo unaunguza katikati afu pembeni unakuwa kama mbolea. Dar wengi wanamwagilia maji ya kisima yenye chumvi, na hapo ukoka usiovumilia chumvi unachomeka ncha taratibu mpaka watu wanadhani ni ugonjwa, ndo maana karibu na bahari nyasi aina ya paspalum inadumu kuliko nyingine, ile inavumilia chumvi kweli. Halafu angalia ncha za majani. Kama zimechanika chanika na kuwa nyeupe, kisu cha mashine ni butu, kanoe kabla hujasema neno lolote kuhusu dawa.

Ukishatoa hayo yote ndo uanze kutafuta mdudu. Shika nyasi kwa mkono uvute. Zikinyanyuka zote kama zulia, mizizi hamna, chini kuna mabuu ya mbawakawa, yale meupe manene yaliyojikunja, kichwa cha kahawia. Wazazi wao ndo wale mbawakawa wanaojaa kwenye taa za baraza mvua zikianza, wanataga kwenye udongo na buu anakula mizizi huko chini bila mtu kujua. Chukua kisu, kata kipande cha sentimita 30 kwa 30, chimba kina cha vidole vitatu vinne, hesabu. Mawili matatu achana nayo, ukoka wenye afya unayabeba. Yakianza kufika saba, nane, kumi, hapo una kazi. Na kuna wasaidizi wa bure, ukiona kwarara, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda anayewapigia watu kelele alfajiri, kashinda siku tatu anachoma choma mdomo sehemu moja, nenda kachimbe palepale. Wateja wanamfukuza wakisema anaharibu bustani, kumbe yeye kaja kwa sababu bustani ilishaharibika.

Kwa wadudu wa juu kuna kipimo cha sabuni na mi nakipenda kuliko vyote kwa sababu mteja anaona kwa macho yake. Vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, lita 4 za maji, mwagia eneo la kama mita moja kwa mita moja, pale ambapo nyasi nzima inakutana na iliyokufa, sio katikati ya baka maana mdudu alishahama huko. Subiri dakika tano hadi kumi. Kama kuna viwavi au chenene watapanda juu wenyewe wakihangaika. Mabuu ya chini hayatoki kwa sabuni kwa hiyo hiki kipimo hakichukui nafasi ya kisu. Ukimaliza suuza kwa maji safi, hasa jua likiwa kali.

Sasa viwavijeshi, hawa nisimame nao kidogo maana ndo wanaotoa watu jasho. Wale wa asili ya Afrika wanakuja na mvua, hasa mvua iliyofuata ukame mrefu, vipepeo wanasafiri na upepo usiku na kutaga kwenye nyasi changa. Siku za mwanzo viwavi ni vidogo mno, vya kijani, huwezi kuona kitu, halafu ndani ya wiki mbili hivi unaamka unakuta weusi wenye michirizi wanatembea kwa safu na ukoka umebaki vijiti. Wanakula nyasi na nafaka tu, maua ya mteja hawayagusi, hiyo nayo ni alama. Msiwachanganye na kiwavijeshi vamizi aliyeingia nchini 2017, yule shida yake kubwa kwetu ni mahindi.

Kitu ambacho wageni hawaambiwi ni kwamba kiwavi anakula sehemu kubwa ya chakula chake chote kwenye hatua mbili za mwisho za kukua. Yaani ukimuona ameshanenepa na kufika sentimita tatu, uharibifu umeshafanyika na siku chache tu anaingia kwenye udongo kuwa pupa, ile hatua ya kutulia kabla hajawa kipepeo. Ukipuliza hapo unaua walio njiani kuondoka. Dawa ina maana wakiwa wadogo, na wakiwa wadogo hata zile laini kama za Bt, yaani bakteria wanaoua viwavi, au mwarobaini zinafanya kazi, huhitaji kuleta sumu kali kwenye nyumba yenye watoto. Kwa hiyo mvua zikianza fanya kipimo cha sabuni kila wiki. Na kama umechelewa, mwagilia, weka mbolea kidogo, subiri. Kiwavi anakula majani, hagusi vitambaazi, yaani mashina yanayotambaa chini, kwa hiyo nyasi kama kikuyu inarudi yenyewe, mteja atalalamika wiki mbili tatu afu atasahau.

Mchwa ni habari nyingine, wanakuja kiangazi pale ukoka umedhoofika na kuna nyasi kavu zimelundikana chini. Kumwagilia na kuzoa makapi kunawapunguza kuliko watu wanavyoamini. Kama kuna kichuguu hapo ndo ushughulike na kichuguu chenyewe.

Kwenye magonjwa, karibu yote mtakayokutana nayo ni fangasi na karibu yote yanaanzia kwenye unyevu uliokaa juu ya majani muda mrefu. Ukimwagilia saa moja jioni nyasi zinalala zimelowa hadi asubuhi, umeshamwandalia fangasi kitanda. Mwagilia alfajiri, maji mengi mara chache, jumla milimita 25 kwa wiki inatosha sehemu nyingi, weka kopo la samaki pale chini upime, sio kukisia.

Pita mapema kabla umande haujakauka. Vibaka vidogo vya ukubwa wa sarafu au kiganja rangi ya majani makavu, juu yake kuna utando mweupe kama pamba, hiyo mara nyingi ni nyasi yenye njaa ya naitrojeni, dawa yake ya kwanza ni mbolea kidogo. Usichanganye na utando wa buibui, ule umetandazwa bapa juu ya majani. Viatu vikitoka na unga wa rangi ya chungwa huo ni ugonjwa wa kutu, nao unapenda nyasi iliyodumaa kivulini, lisha, kata, zoa majani utupe. Ila yakiwa maduara makubwa ya nusu mita kwenda juu wakati wa masika, na jani ukilivuta linachomoka limeoza kwenye shina, hapo ni kinyume, kuna mtu kazidisha yurea, mbolea yenye naitrojeni nyingi, na ukiongeza mbolea ukidhani ina njaa unaimaliza. Ndo maana nasema goti kwanza, magonjwa mawili yanafanana kwa mbali lakini tiba zinapingana kabisa. Duara la uyoga wala usihangaike nalo sana, mara nyingi chini kuna kisiki au mbao zinaoza, toboa toboa umwage maji.

Kukata nako ni tiba. Usitoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja, na pemba, ile nyasi ya majani mapana, iache ndefu, sentimita tano na kuendelea. Osha mashine ukitoka bustani yenye ugonjwa kabla hujaingia nyingine, mafundi wengi wanatembeza fangasi mtaa mzima bila kujua.

Ikibidi kupuliza, basi jua unapuliza nini. Dawa ya fangasi haiui kiwavi na ya kiwavi haitibu kutu, yule muuzaji anayekuchanganyia zote mbili ili "upige kotekote" anauza stoo yake. Nunua yenye usajili wa TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, soma lebo, angalia ule utepe wa rangi chini, nyekundu ndo kali zaidi, kijani ndo nafuu. Ya viwavi piga jioni na usimwagilie juu yake, ya mabuu ni kinyume, lazima uishushe kwa maji ifike kwenye mizizi. Kama kuna magugu yamechanua kata maua kwanza, nyuki wanapita hapo. Vaa glavu, gambuti na barakoa, hata kama wenzio wanacheka.

Shida ni kwamba mabosi wengi wanataka waone bomba mgongoni ndo waamini umefanya kazi. Mwite boss kwenye kipimo cha sabuni asimame aone hakuna kilichotoka, piga picha, na ukaguzi wako utoze hela, usiufanye bure ukategemea faida ya dawa, maana ukitegemea faida ya dawa utaona ugonjwa kila mahali. Na siku ukipuliza kweli, watoto na mbwa wasikanyage mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite, na hilo usimwambie boss peke yake, mwambie na dada wa kazi, yeye ndo anashinda na watoto hapo kutwa nzima.